Nani Atamweleza Mgeni Habari za Kibuyu?

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walinena Waswahili, na methali hii husikika sana vinywani mwa wanaotaka Bomet nayo ipate fungu lake la watalii. Siwalaumu. Kwa miaka mingi magari ya watalii yamepita hapa yakielekea Maasai Mara, abiria wakiyatazama mashamba ya majani chai kupitia dirishani, naye mwenyeji asiambulie hata bei ya kikombe kimoja cha chai hiyo. Isitoshe, Katiba ya mwaka wa 2010 imezikabidhi kaunti utalii wa mashinani pamoja na shughuli za utamaduni.

Hofu yangu ni moja, nayo inatokana na kazi yangu ya isimu.

Majuzi nilifuatana na wanafunzi wangu hadi boma moja viungani mwa mji wa Bomet, tukamkuta mama mzee akitayarisha mursik. Alitueleza kazi hiyo kwa Kikipsigis kwa muda wa karibu saa nzima: jinsi sotet, yaani kibuyu, kinavyosuguliwa ndani; jinsi tawi la senetwet linavyochomwa, kisha makaa yake yakapondwa humo humo hadi kuta za kibuyu zikawa nyeusi; jinsi maziwa yanavyochemshwa na kupozwa kabla ya kumiminwa, yakafunikwa kwa siku kadhaa. Kila hatua ilikuwa na kitenzi chake. Kijana mmoja anayejifunza kuwaongoza wageni aliyafasiri yote hayo kwa Kiingereza kwa sentensi moja tu: haya ni maziwa yaliyochacha, yametiwa makaa.

Wanafunzi walicheka. Lakini nilipoyapitia madaftari yao jioni, niliona kwamba wengi, wakiwemo Wakipsigis wa kuzaliwa, walikuwa wameandika sentensi ya kijana. Maneno ya mama hayakuwamo.

Aghalabu tunapozungumzia utamaduni kupotea, tunafikiria vitu. Kibuyu hakitapotea, kitatundikwa ukutani hotelini na kuuzwa kwa bei nzuri. Kinachotangulia kupotea ni maelezo yake, kwa kuwa mgeni ana dakika 10 na gari linangoja. Maelezo hayo mafupi hurudi darasani, yakawa ndiyo elimu ya mjukuu.

Jambo hili si geni katika nchi hii ya chai. Mwaka wa 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akikusanya muziki wa Afrika, alirekodi Kapkatet wimbo wa wasichana wa Kipsigis uitwao Chemirocha, jina lililotokana na mwimbaji wa Marekani, Jimmie Rodgers. Wimbo ulienea ng'ambo pamoja na maelezo ya Tracey, kwamba waimbaji walimwona Rodgers kama kiumbe nusu mtu, nusu paa. Zaidi ya miaka 60 ilipita kabla ya nakala za rekodi hizo kurejeshwa kwa wenyewe. Muda wote huo, dunia ilikuwa na sauti ya wasichana wale na maelezo ya mtu mwingine.

Sheria tunayo. Ile ya mwaka wa 2016 ya kulinda maarifa ya jadi inaitaka kila kaunti iwe na rejista ya maarifa hayo, na inadai ridhaa ya jamii kabla ya mtu kuyatumia. Mimi ningependa rejista ya Bomet iandikwe kwanza kwa Kikipsigis, tafsiri zifuate baadaye, na walimu wa shule zetu waitwe kusaidia. Wazee nao waamue mapema yapi yasionyeshwe kamwe. Sehemu za tumdo, jando la wavulana, ambazo hata jirani asiyetahiriwa haruhusiwi kuziona, haziwezi kuwa tamasha la Jumamosi alasiri. Ama kuhusu malipo, mama yule alipwe kama mwalimu, kwa saa zake. Sarafu anazotupiwa baada ya kupigwa picha si ujira.

Tulipokuwa tukiaga aliniuliza, "Mwalimu, hao wageni mnaosema watakuja, watakaa kama mlivyokaa ninyi?"

Nilimtazama yule kijana, naye akawa anaangalia saa yake.