Kitendawili? Tega! Majina ya Dawa Yafundishwe kwa Mchezo

MJI wa Nakuru una wanafunzi wengi wa kazi ya afya. Hapa pana tawi la Chuo cha Mafunzo ya Matibabu, KMTC, na pia wapo wanafunzi wa tiba wa Chuo Kikuu cha Egerton cha Njoro. Wote hao, wauguzi kwa matabibu, hukutana na mlima mmoja: majina ya dawa. Ni mengi, ni marefu, tena ni mageni kinywani. Mwanafunzi huyakariri usiku kucha, na kufikia asubuhi yamekwisha mtoka.

Lakini, ndugu msomaji, watu wa Bonde la Ufa wanacho chombo cha kutia maneno kichwani tangu enzi za mababu. Mkikuyu husema “gwata ndai”, Mkalenjin ana tangoch zake, Mswahili husema “Kitendawili!” na mwenziwe hujibu “Tega!” Akishindwa kufumbua hutoa mji, ndipo aambiwe jibu.

Mchezo huu unayafaa majina ya dawa kwa sababu hayakutungwa ovyo. Mwaka 1950 Shirika la Afya Duniani liliamua kuweka majina ya dawa yatakayotumika ulimwenguni kote, mbali na yale ya kibiashara, na orodha ya kwanza ikatolewa 1953. Kwa utaratibu huo, dawa za ukoo mmoja mara nyingi hupewa mkia mmoja. Amoksilini na ampisilini ni ndugu wa penisilini. Enalaprili na kaptoprili hushusha presha. Anayeujua mkia amekwisha kujua nusu ya habari.

Basi tuseme wanafunzi wawili wameketi jioni na chai yao.

“Kitendawili!”

“Tega!”

“Mkia wake ni ololi, akifika moyoni huupunguzia mbio, lakini kwa mwenye pumu haingii.”

“Propranololi!”

Kwa sentensi moja mwanafunzi amepata jina, kazi yake na hatari yake, maana dawa hiyo huweza kumbana pumzi mgonjwa wa pumu. Vivyo hivyo, anayeujua ukoo wa silini atashtuka akiona amoksilini imeandikiwa mtu ambaye mwili wake hudhuriwa na penisilini.

Hata hivyo mkia nao hudanganya. Simvastatini na atorvastatini hupunguza mafuta katika damu. Je, nistatini? Hiyo ni dawa ya ukungu, kama ule utando mweupe wa mdomoni mwa watoto wachanga. Iligunduliwa na akina mama wawili wa Marekani, Elizabeth Hazen na Rachel Brown, ikapewa jina la jimbo lao la New York. Mkia wake umefanana na wa statini kwa bahati tu. Kwa hiyo mtega vitendawili hodari hataacha kutega na huyu mgeni aliyevaa nguo za ukoo usio wake.

Kitendawili kilicho bora kuliko vyote ni kile kinachotenganisha mapacha: “Wawili jina karibu moja, mmoja hutuliza akili iliyochafuka, mwingine hushusha sukari.” Jibu ni klorpromazini na klorpropamidi. Hii ya pili ilitumiwa miaka mingi kwa wagonjwa wa kisukari. Majina haya yamewahi kuchanganywa katika nchi mbalimbali, na asiye na kisukari akipewa dawa ya kushusha sukari huweza kuzimia, hata kufa.

Mchezo hauchukui mahali pa kitabu wala pa mwalimu, na kila jibu lazima lilinganishwe na kitabu cha dawa. Lakini hauna gharama, na kosa lake halimdhuru mtu. Anayeshindwa jioni atatoa Naivasha, akishindwa tena atatoa Gilgil, kisha Molo, na kesho yake atakumbuka. Afadhali apoteze miji yote hiyo akiwa mwanafunzi, kwa sababu wodini, mbele ya mgonjwa, hakuna mji wa kutoa.