Orkestra ya watu wa kuchora

Orkestra Gorillaz iko ya watu ao ya picha? Iko yote mbili. Mwaka 1998, huko Uingereza, mwimbaji Damon Albarn na mchoraji Jamie Hewlett waliunda orkestra ya watu wanne wa kuchora. Mmoja, Noodle, ni binti wa Japani, anapiga gitare. Albamu yao ya 2010, The Fall, ilitengenezwa karibu yote kwa tableti. Vyombo vya namna hiyo vinahitaji tantale ya koltani, kama ile ya Rubaya, kwetu Masisi, na bati ya kasiterite, kama ile ya Bisie, Walikale. Kaka zetu wanachimba. Mara nyingine udongo unawafunika. Sisi tujifunze kutengeneza pia, si kuchimba tu.