Mpangilio wa Faili katika Tovuti ya Kumbukumbu za Lugha: Mfano wa Kariokor

Jina la Kariokor, mtaa na soko la Nairobi, lilitokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Kiafrika katika Vita Kuu ya Kwanza (1914–1918). Dar es Salaam nayo ina Kariakoo, yenye asili hiyo hiyo. Kwa mwanaisimu tofauti hiyo ya matamshi ni jambo la kufurahisha. Kwa mtunza kumbukumbu ni mtego. Folda zikiitwa kwa jina la mahali, na kila mtafiti akaliandika alivyolizoea, rekodi za soko moja zitatawanyika pawili, na mtafutaji wa baadaye ataziona nusu akidhani ndizo zote.

Makala haya yanaeleza jinsi faili za tovuti ya kumbukumbu za usemi wa soko hilo zifaavyo kupangwa.

Kosa la kawaida ni kuanza na majina ya lugha: folda ya Kiswahili, folda ya Sheng, folda ya Kikamba. Lakini muuza vyondo humtajia mteja bei kwa Kiswahili, akamtania jirani kwa Sheng, kisha akamwagiza msaidizi wake kwa Kikamba, na hayo yote yaweza kupita katika dakika moja. Rekodi hiyo itawekwa wapi? Anayeiweka katika folda ya Sheng amekwisha kutoa hukumu juu ya suala ambalo wataalamu bado wanalibishania, yaani kama Sheng ni lugha, lahaja au mtindo tu wa Kiswahili. Tena ameificha hukumu hiyo mahali ambapo hakuna msomaji atakayeihoji. Yafaa basi kila kikao cha kurekodi kipewe folda yake, yenye sauti, unukuzi na faili ya maelezo. Lugha zitajwe katika maelezo, ambako zaweza kuwa tatu kwa mara moja, na kusahihishwa bila ya kuhamisha chochote.

Jina la folda lianze na mwaka, mwezi, kisha siku, ili mfuatano wa alfabeti uwe pia mfuatano wa wakati. Herufi ziwe ndogo, pasiwe na nafasi wala ritifaa: neno ng'ombe, lisilomsumbua mtoto wa shule, laweza kuharibu anwani nzima. Faharasa nayo ina taabu wanayoijua watunga kamusi, kwani atafutaye vyondo kwenye herufi V hatakiona kiondo asipoelekezwa.

Mwaka 1998 Tim Berners-Lee, mvumbuzi wa mtandao wa tovuti, alishauri kuwa anwani nzuri haibadiliki. Tasnifu iliyokwisha kuitaja anwani haiwezi kurudishwa chapani. Kwa hiyo jina la programu au la mkuu wa mradi lisiingizwe humo, maana vyote viwili hupita.

Linalobaki ni zito zaidi. Kinasa sauti sokoni hunasa pia madeni, magonjwa na majina ya wasioombwa ruhusa. Rekodi hizo zikae nje kabisa ya folda isomwayo na umma. Kuziacha ndani bila ya kiungo si ulinzi: majina yaliyopangwa kwa utaratibu mzuri, kama yalivyoshauriwa hapo juu, ndiyo yaliyo rahisi kukisiwa.