Kufukua Maiti kwa Kuogopa Mikosi: Wachina wa Kale na Sisi

Swali limetufikia kutoka Kambarage, Shinyanga. Baba alizikwa makaburi ya Waislamu mjini. Sasa ng'ombe wa kaya wanakufa, na mganga amesema mzee hakulazwa mahali pake. Afukuliwe, azikwe nyumbani pamoja na masamva, yaani mizimu ya wahenga. Watoto wamegawanyika.

Fikra hii si ya Wasukuma peke yao. Wachina wa kale waliijengea elimu kamili, feng shui, maana yake "upepo na maji". Kitabu cha maziko kinachonasibishwa na Guo Pu, aliyefariki mwaka 324, kinaeleza kuwa ardhini hupita pumzi ya uhai. Upepo huitawanya, maji huizuia. Mifupa ya mzazi ikilala inapokusanyika pumzi hiyo, wanawe hupata heri. Kwa hiyo walitafuta mlima nyuma ya kaburi, vilima ubavuni na maji mbele. Mfalme Yongle alianza kujenga kaburi lake katika bonde la namna hiyo karibu na Beijing mwaka 1409, na wafalme 13 wa ukoo wa Ming wamelala huko. (Huyu ndiye aliyemtuma Zheng He, mzaliwa wa familia ya Kiislamu, ambaye merikebu zake zilifika pwani yetu.) Na mikosi ilipozidi, wapo waliofukua mifupa na kuihamisha.

Ama sheria yetu, nayo huchagua mahali, ila kwa sababu nyingine. Kaburi liwe na kina cha kuzuia harufu na fisi, na ardhi isituamishe maji. Wenyeji wanaujua udongo mweusi wa mbuga wakati wa mvua. Maiti hulazwa ubavu wa kulia akielekea Qibla, ambacho kwa Shinyanga ni kaskazini kwa kupinda kidogo mashariki. Imam Nawawi amejuzisha kuzika nyumbani, lakini makaburini ni bora, maana hapo maiti hupata dua za wapitao.

Kufukua ni haramu ila kwa dharura, kama maiti kuzikwa bila kuoshwa, au katika ardhi ya kunyang'anywa. Ni kweli Jabir (r.a.) alimhamisha baba yake, shahidi wa Uhud, baada ya miezi sita. Lakini alikuwa amezikwa na mwingine kaburi moja, na Jabir hakuridhika na hilo. Hakuogopa kudhuriwa na maiti. Kufa kwa ng'ombe hakumo katika udhuru huo.

Basi mzee aachwe alipo, wanawe wamzuru na kumuombea. Ng'ombe aitiwe bwana mifugo.