Bungo, Doriani na Birimbi: Matunda Adimu ya Masoko ya Pemba

Katika masoko ya Chake Chake, Wete na Mkoani, ambako ndizi na muhogo ndivyo vilivyozoeleka, huuzwa pia matunda ambayo mgeni kutoka bara huenda asiyajue hata kwa jina. Linalostahili kutangulizwa ni bungo, tunda la mmea wa porini utambaao juu ya miti mingine, ambalo ganda lake gumu hugeuka rangi ya chungwa linapoiva, na ambalo kokwa zake, zilizofunikwa na nyama chachu, huloweshwa, huvurugwa, huchujwa na kutiwa sukari ili kupata sharubati yenye ladha isiyo na mfano katika kinywaji chochote cha chupa.

Shokishoki, lenye ganda jekundu la vinyweleo laini, na doriani, lenye miiba na harufu kali iliyolifanya lipigwe marufuku ndani ya treni za Singapore, asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki. Nalo shelisheli, ambalo chimbuko lake ni upande wa Pasifiki, ni tunda kwa mtaalamu wa mimea lakini ni chakula cha wanga kwa mpishi, kwani huchomwa, hukaangwa au hupikwa kwa tui la nazi. Birimbi, dogo na la kijani, ni kali mno kuliwa hivi hivi, hivyo hutiwa katika achari na mchuzi wa samaki, ambamo hushika nafasi ya ndimu au ukwaju.