Nani Mwingine Anaweza Kuizima Matatu Yako?

Abiria wa Umoja, Kayole au Buruburu, Nairobi, akisikia habari za udukuzi wa matatu, hufikiria pesa zake kuibwa kupitia Wi-Fi. Tangu Safaricom ilipoleta Vuma Online mwaka 2013, intaneti ya bure imekuwa sehemu ya mbwembwe za nganya, yaani matatu zilizopambwa, sawa na michoro, taa na muziki. Lakini programu za benki siku hizi husimba mawasiliano yake, na hasara kubwa haitoki huko. Hatari nzito imefichwa nyuma ya dashibodi, ndani ya kijisanduku kinachotoshana na kiberiti: traka.

Traka ina laini ya simu kama yako. Husoma mawimbi ya setilaiti ijue gari liko wapi, kisha humpelekea mwenye gari habari, naye akiwa kwake Donholm huona dereva akikatiza ruti au akilala Jogoo Road. Nyingi hufungiwa pia relei ya kukata umeme wa pampu ya mafuta. Gari likiibwa, mwenyewe hutuma ujumbe mfupi na injini ikazimika. Tatizo ni kwamba traka haimjui mwenye gari. Inajua nywila tu.

Muulize kondakta traka iko wapi, hajui. Muulize mwenye gari nywila, atakwambia umuulize fundi. Na fundi, kama hakuibadilisha, huenda ameiacha 123456, ilivyotoka kiwandani.

Julai 2022 kampuni ya BitSight na CISA, idara ya usalama wa mitandao ya serikali ya Marekani, zilitangaza kasoro kadhaa katika traka ya MV720 ya kampuni ya MiCODUS ya China. Kulikuwa na nywila kuu iliyopachikwa ndani ya mfumo, na kulikuwa na amri za SMS zilizotekelezwa bila kuulizwa nywila yoyote. Ripoti ya BitSight ilisema kwamba vifaa milioni 1.5 vya kampuni hiyo vilikuwa vikitumika katika nchi 169. Sasa fikiria matatu iliyojaa ikizimwa ghafla kwenye barabara ya Outer Ring, usukani umekuwa mzito na lori liko nyuma yake. Hapo mdukuzi hahitaji hata kuwa Kenya.

Mabasi ya umeme yanaongeza swali jingine. Kampuni ya BasiGo ilianza kuyajaribu Nairobi mwaka 2022, East Shuttle ikiwa miongoni mwa waendeshaji wa kwanza. Mwaka 2025 kampuni ya usafiri ya Oslo, Ruter, ililichunguza basi la umeme la Yutong, kampuni ya China, chini ya ardhi na kukuta kwamba mtengenezaji angeweza kulifikia kwa laini ya simu ili kusasisha programu zake, na kwa nadharia kulisimamisha. Simlaumu mtengenezaji kwa kusasisha programu. Hata simu yako husasishwa. Ila mkataba useme nani ana ruhusa hiyo, na nani huarifiwa anapoitumia.

Mwenye matatu, mwite fundi wiki hii abadilishe nywila mbele yako, aruhusu namba zako pekee kutuma amri, na kama gari halina haja ya kuzimwa kwa mbali, aiondoe hiyo relei. Nawe mwanachama wa sacco, kwenye mkutano mkuu ujao uliza: traka zetu ni za aina gani, na nywila ziko mikononi mwa nani?