Terminali Imekataa Kubonyezwa? Hivi Ndivyo Unawasha Mausi kwa Vim na Nano

Wacha tuanze na ngori moja hivi. Sema umetengenezea mama fulani wa viatu pale Thika wavuti ya duka lake. Uko kwa mathree, jam imekushika Ruiru, halafu anakupigia akiwaka: namba ya Till iliyo kwa wavuti si yake. Kila mteja analipa saa hii, ganji inaenda kwa mtu hata hamjui. Lapi iko kejani. Wewe uko na simu, Termux na bando ya mbao. Unaingia kwa seva na ssh, unafungua faili na Vim, namba yenyewe iko mstari wa 212. Unagusa skrini pale namba iko na hakuna kitu inatendeka.

Simu haijaharibika. Terminali ni kitu ya zamani, inaelewa herufi tu. Kidole chako ama mausi haina maana kwake mpaka programu iliyo ndani iiambie, "mtu akibonyeza, nipe ripoti." Hapo ndipo terminali inageuza ule mguso kuwa msururu wa herufi za siri zinazosema umebonyeza mstari gani na safu gani. Vim ikizisoma, inapeleka kale kamstari kanapepesa hadi hapo. Sasa kazi yako ni kuambia edita iitishe hizo ripoti.

Kama uko kwa moto kama huo wa Till, usitafute faili ya kuset kitu. Bonyeza Esc, kisha andika:

:set mouse=a

Piga Enter, gusa namba, rekebisha, Esc tena, halafu :wq. Mama apoe.

Hiyo lakini inaisha ukifunga Vim. Ukitaka ikae, weka huo mstari (bila nukta mbili za mwanzo) kwa faili inaitwa .vimrc, kwa folda yako ya nyumbani. Na hapa ndipo wasee wengi huchomeka: hiyo faili inakaa kwa mashine ambayo Vim inakimbia. Ukiwa ndani ya seva, .vimrc ya simu yako haisaidii na kitu.

Kuna kamtego kengine. Mara tu unapotengeneza .vimrc yako, Vim inaacha kusoma mipangilio yake ya kawaida, na unashtukia rangi za kodi zimepotea. So faili yako ianze hivi:

source $VIMRUNTIME/defaults.vim
set mouse=a

Kama uko na lapi ya Ubuntu, kwanza piga sudo apt install vim, juu ile hukuja nayo ni toleo dogo. Watu wa Neovim nyinyi tulieni, tangu toleo la 0.8 la mwaka wa 2022 mausi inakuja ikiwa imewashwa.

Ile "a" inamaanisha hali zote. Unaweza chagua: n ni hali ya kawaida, v ya kuchagua maandishi, i ya kuandika. Mimi naona set mouse=nv ndiyo tamu kwa watu wa kupesti sana, juu ukiwa unaandika, mausi inarudi kwa terminali yenyewe.

Kando kidogo. Ukifungua Vim bila faili, utaona imekuomba usaidie watoto maskini wa Uganda. Wengi hudhani ni utapeli. Si utapeli. Bram Moolenaar, Mdachi aliyetoa Vim mwaka wa 1991, alifanya kazi mwaka mzima Kibaale, kusini mwa Uganda, miaka ya tisini, na akaamua programu iwe ya bure, ila mwenye kuipenda achangie watoto wa huko ambao ukimwi uliwaachia mayatima. Aliaga Agosti 3, 2023. Andika :help uganda ujisomee. Programu inatumika dunia nzima na imebeba jina la jirani yetu, na hapa hatuongeleangi hiyo story.

Turudi kwa kazi. Ukishawasha mausi, utaona kukopi kumekuwa noma. Unavuta juu ya maandishi, Vim inayachagua yenyewe, lakini ukienda kupesti kwa WhatsApp hakuna kitu. Ni juu Vim imenyakua mausi, terminali haijaona ulichochagua. Kwa lapi, shikilia Shift ukivuta, halafu Ctrl+Shift+C. Kwa Termux, finya skrini kwa muda, kuchagua kwa kawaida kunarudi.

Nano ni rahisi zaidi. Fungua na nano -m jina-la-faili, ama ukiwa ndani bonyeza Alt+M. Ya kudumu ni kuandika set mouse kwa .nanorc. Tena utaweza kubonyeza zile amri za chini ya skrini badala ya kukumbuka Ctrl gani inafanya nini. Na kama hutaki kuset chochote, kuna edita inaitwa Micro, hiyo mausi inafanya kazi tangu siku ya kwanza. Wasee wa Vim watakucheka. Wacha wacheke.

Ukitumia tmux, nayo iko na mlango wake. Weka set -g mouse on kwa .tmux.conf. Kama bado Vim ndani yake haiskii, ongeza set ttymouse=sgr kwa .vimrc.

Na siku bando itaisha katikati ya ssh, ukiguza skrini uone inatapika namba na alama za ajabu, usiogope kudhani umehakiwa. Ni zile ripoti za mausi, Vim ilikatwa kabla iambie terminali iziache. Andika reset, piga Enter, nunua bando ingine uendelee.